Maji Moto ya Bogoria: Kuoga Sawa, Kunywa Hapana

Maji haya yanatoka wapi?
Mengi ni mvua tu. Hunyesha kwenye milima ya kandokando ya Bonde la Ufa, huzama kupitia nyufa, hupata joto kwenye miamba inayopashwa moto na magma (mwamba ulioyeyuka) huko chini, kisha hupanda tena. Pale Loburu, kando ya Ziwa Bogoria kaunti ya Baringo nchini Kenya, hutoka yakikaribia kuchemka, na wageni huchemshia mayai humo humo.

Mbona yana ladha ya magadi?
Maji ya moto huyeyusha mwamba kwa urahisi, na miamba ya volkano ya huku ina sodiamu nyingi, kalsiamu kidogo. Uhaba huo wa kalsiamu ndio balaa. Ingekuwepo ya kutosha, ingeshikana na floraidi, madini yanayodhuru yakizidi, na kugeuka jiwe. Sasa floraidi hubaki majini, wala huioni wala huinusi.

Hudhuru nini?
Meno ya mtoto, yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, hasa kabla ya miaka 8. Yakiota yana madoa ya kahawia, mswaki hauyatoi. Watu wa Arusha na Meru, kaskazini mwa Tanzania, wanalijua hili vizuri, na kuwacheka eti ni wachafu ni kuwaonea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi za Bogoria hukipita mara nyingi. Anayekunywa maji ya namna hii miaka mingi huweza kukakamaa viungo, hata mifupa ikapinda.

Nikiyachemsha?
Utaua vijidudu. Floraidi haiendi na mvuke, kwa hiyo maji yakipungua sufuriani yenyewe huzidi ukali. Tumia chujio la mkaa wa mifupa, au kinga mvua. Na yale magadi ya kulainishia maharage? Nayo huweza kuwa na floraidi, kwa hiyo mtoto asizoeshwe.

Kuoga je?
Floraidi haipenyi ngozi kiasi cha kukudhuru. Viungo vikilegea baada ya kuoga, sifa nyingi ni za joto lenyewe. Ila chagua dimbwi lililopoa. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo wasikae kwenye maji ya moto sana. Usikanyage ukingo wa chemchemi, maana gamba lake huvunjika. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, usipake dawa ya meno, kisha nenda kituo cha afya.