Sanamu za mabaki: tazama viungo vya nyumba kabla ya sura yake

Kwenye nyumba ambayo wenyewe wameijenga kidogo kidogo, chumba baada ya chumba, mara nyingi utaona mawe au matairi juu ya bati. Wachongaji wengi wanaounda sanamu kwa mabaki ya ujenzi huyachukua kama pambo. Mawe hayo yana kazi: yanazuia bati lisipeperuke bila kulitoboa, ili kesho lihamie paa jingine likiwa zima. Nondo zinazochomoza juu ya nguzo nazo zinasubiri ghorofa ya pili. Sanamu inayoiga kutu na rangi iliyobanduka tu huishia kuwa picha ya umaskini, na hilo huwakosea heshima wajenzi wenyewe.

Mchongaji Abraham Cruzvillegas, aliyekulia katika nyumba ya aina hii huko Ajusco, Mexico City, aliuita mfululizo wa kazi zake Autoconstrucción, yaani kujijengea. Alichochukua kutoka nyumba ya wazazi wake ni utaratibu: tumia kilichopo, acha nafasi ya kubadilisha.

Uchambuzi wa mabaki nitaupitia haraka. Vigae na mabati ya saruji yenye asbesto usiyakate wala kuyatoboa; yaache. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, kwa hiyo usiipige msasa kavu. Usichomelee bati lenye zinki kabla ya kuiondoa zinki hiyo, kwani moshi wake huleta homa.

Kazi yenyewe iko kwenye viungo. Kufunga mbao mbili, napendelea waya laini wa kufungia nondo. Kata sentimita 60, ukunje katikati uwe wa nyuzi mbili. Chonga mfereji wa milimita 3 kwenye kingo za mbao ili waya usiteleze, uzungushe, uvute kwa koleo hadi ukaze, ndipo usokote mara 3 hadi 5. Wengi hukaza kwa kusokota peke yake. Chuma kinachopindwa kupita kiasi hukakamaa, kisha hukatika palepale kwenye msokoto, pengine siku kadhaa baadaye sanamu ikitikiswa.

Bati kwenye mbao linahitaji tundu pana kuliko skrubu kwa milimita 2, pamoja na washa ya mpira. Bati la mita 2 hurefuka karibu milimita 1 joto likipanda kwa nyuzi 40; tundu likibana, skrubu italipasua taratibu. Ubao mpana una tabia yake: hutanuka na kusinyaa kwa upana. Ukiupigilia misumari imara kingo zote mbili, utapasuka katikati. Kaza upande mmoja, upande wa pili toboa tundu refu kama yai. Shaba ikigusana na bati la zinki penye unyevu, zinki ndiyo italiwa. Weka kati yao kipande cha tyubu ya baiskeli.

Kiungo kizuri hakihitaji mashine. Kuanzia 1921 hadi 1954, fundi Simon Rodia alijenga minara huko Watts, Los Angeles, mrefu zaidi ukifikia mita 30 hivi, bila kuchomelea wala kutumia bolti. Alipishanisha vyuma, akavizungushia wavu wa waya, akavipaka saruji. Mwaka 1959 mnara ulijaribiwa kwa nguvu ya karibu tani 4.5, na kilichoshindwa ni mtambo wa kuuvuta.

Kwa uzito wa kushikilia sanamu isianguke, madumu 2 ya lita 20 yaliyojazwa mchanga mkavu hutoa karibu kilo 60, nayo hayana haja ya kufichwa. Sukuma sanamu kwa juu. Mguu mmoja ukinyanyuka, panua kitako kwanza, ndipo ufikirie kuongeza mzigo.

Juu kabisa acha nondo mbili zenye urefu wa kufungia kipande kingine. Zikiwa usawa wa macho ya watazamaji, zivike kofia za mpira.