Kufunga maoni hakuharakishi toleo, kunalichelewesha

Wiki hii nimeisikia tena. Meneja wa kampuni ya programu, mtu makini na namheshimu, toleo lao limeruka tarehe kwa mara ya tatu, wateja wamewaka, ananipigia simu kuniomba ushauri juu ya jambo ambalo kumbe kashaliamua: "Tumefunga ukurasa wa maoni kwa muda, vijana wapate utulivu wamalize kazi, toleo likitoka tunafungua." Nimekaa kwenye sapoti (huduma kwa wateja) na kusimamia matoleo miaka mingi na hiyo sentensi nimeisikia mara nyingi mno, kwahiyo safari hii naandika yote kwa pamoja ili atakayeniuliza kesho nimtumie linki.

Imani yenyewe iko hivi: kelele za wateja ni jambo moja, kuchelewa ni jambo jingine, ukipunguza la kwanza la pili linapona. Hapana. Wateja wanaolalamika wanakutestia programu kwenye simu usizonazo, kwenye mtandao usioujua, kwa namna ambayo timu yako haijawahi kuifikiria, na ukiwafungia mlango zile hitilafu haziondoki, zinabaki palepale zinakusubiri, tofauti ni kwamba sasa hivi hakuna anayekuonyesha zilipo.

Haya mengine niyapitie haraka. Programu zinachelewa, kubwa kwa ndogo. Microsoft walitoa Windows XP mwaka 2001, iliyoifuata, yaani Vista, wateja wa kawaida waliipata Januari 2007, na katikati hapo mwaka 2004 walilazimika kurudi nyuma na kuanza upya sehemu kubwa ya kazi. Mchezo wa Duke Nukem Forever ulitangazwa 1997 ukatoka 2011. Na wale wanaosema "si waongeze madevelopa (waandishi wa programu) tu", Fred Brooks aliyesimamia ujenzi wa OS/360 (mfumo endeshi wa kompyuta kubwa) pale IBM alishalijibu hilo mwaka 1975: ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa unazidi kuuchelewesha, sababu wageni wanafundishwa na walewale waliokuwa wanaandika kodi (maandishi ya programu), na pia watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wao kwa wao wakati watu 10 wana njia 45. Kuhusu makadirio, mimi kazi inayozidi wiki sita siwezi kukutajia tarehe nikalala usingizi, na sijawahi kukutana na mtu anayeweza kila mara, hata wale wanaofundisha namna ya kukadiria. Kwahiyo kuchelewa kwenyewe simlaumu mtu.

Linaloniudhi ni hili la kufunga maoni, na naomba nilieleze polepole.

Niliwahi kuwa kwenye timu ya programu ya kurekodi mauzo. Mteja anaweza kutumia simu mbili au tatu kwenye akaunti moja, zote zinasinki, yaani zinaoanisha rekodi zao, kwenye seva (kompyuta kuu ya kampuni). Toleo kubwa likachelewa miezi, ukurasa wa maoni ukajaa hasira, uongozi ukaufunga, ikawekwa fomu. Herufi 300, haipokei skrinshoti, unachagua aina ya tatizo kwenye orodha yao ya aina saba, na anayeiona ni mteja wa malipo ya juu peke yake. Ukituma unajibiwa na mashine kwamba maoni yako yamepokelewa. Aliyoandika mwenzako huyaoni, na ya kwako hayaoni.

Haikupita muda zikaanza kuingia tiketi (ripoti za matatizo) za "mauzo yamepotea". Chache, moja leo, nyingine keshokutwa. Mtu wa sapoti anafungua akaunti, anajaribu kwenye simu yake, kila kitu kinakubali, anaandika "haijathibitishwa" anafunga. Inayofuata hivyohivyo. Kwenye ripoti ya wiki tiketi zinaonekana zinafungwa haraka kuliko zamani, na kwa sababu ni chache ikaamuliwa kwamba tatizo ni dogo, lisubiri toleo litoke kwanza.

Tatizo lilikuwa hivi. Rekodi moja ikibadilishwa kwenye simu mbili, seva ilikuwa inabaki na ile iliyoandikwa mwisho, na huo "mwisho" ulipimwa kwa saa ya simu, si kwa saa ya seva. Sasa chukua simu ambayo saa yake iko mbele dakika kumi. Saa tatu na dakika 56 imegusa rekodi fulani, yenyewe inajiandikia saa nne na dakika sita. Saa nne kamili mwenzake, ambaye saa yake ni sahihi, anaingiza mauzo kwenye rekodi ileile. Seva inalinganisha, inaona ya kwanza ndo "ya mwisho", inaitupa ya pili. Hakuna ujumbe, hakuna alama nyekundu, kwenye logi (kumbukumbu za seva) inaonekana ni sinki ya kawaida iliyofanikiwa. Jioni mtu anafunga hesabu hela zipo, rekodi hazipo, na anaanza kumshuku aliyekuwa anauza.

Nataka mwone kwamba hili hakuna mtu mmoja anayeweza kuliona akiwa peke yake. Mteja wa kwanza anajua tu kwamba mauzo yamepotea. Wa pili kashagundua kwamba akitumia simu moja hayapotei, akitumia mbili yanapotea. Wa tatu ana mazoea ya kuweka saa yake mbele ili asichelewe mahali, na haoni hata sababu ya kulitaja, ni nani ataandika habari ya saa yake kwenye fomu ya herufi 300 chini ya kichwa "Tatizo la ripoti"? Jibu lote lilikuwepo, limegawanyika kwa watu watatu wasiojuana, na sisi ndo tuliojenga ukuta katikati yao.

Tulilitafuta wiki tano. Madevelopa wawili walitolewa kwenye toleo (lile lile toleo ambalo maoni yalifungwa kwa ajili yake) wakawa wanapekua kodi ya kusinki mstari kwa mstari. Ukurasa ulipofunguliwa tena, kwa shinikizo la watu wa mauzo, mtu akaandika lalamiko lake, mwingine akamjibu "na mimi, ila nikitumia simu mbili", wa tatu akauliza kama kuna uhusiano na saa maana simu yake moja iko mbele. Siku mbili. Kiraka chenyewe, yaani marekebisho ya programu, kiliandikwa mchana mmoja.

Ndo maana nikiambiwa "lakini tumewawekea fomu" napata shida kubaki mpole. Maoni yana njia mbili. Ipo ya mteja kwenda kwa kampuni, hiyo kila mtu anaijua, na fomu inaibakiza. Halafu ipo ya mteja kwenda kwa mteja, ambayo haionekani kwenye ripoti yoyote, na ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi kwenye kutafuta chanzo, kwa sababu watu wakisomana wanasahihishana: "kwangu haitokei", "jaribu kuzima ile", "ilianza baada ya apdeti ya juzi". Wanapunguza uwezekano kabla hata developa hajafungua kompyuta yake. Fomu inaiua hii ya pili kabisa, halafu inakuletea vipande, na wewe unavisoma kimoja kimoja unaona havina maana unavitupa.

Hilo la malipo ya juu nalo lina ubaya wake. Waliolipa zaidi wengi wao simu zao zilikuwa zinasimamiwa na watu wa tehama wa kwao, saa inajiweka yenyewe, kwahiyo wao ndo waliokuwa na nafasi ndogo kabisa ya kukutana na ile hitilafu. Walioumia ni wale wadogo wanaotumia simu zao binafsi, na hao fomu hawaioni. Uchache wa tiketi tuliouchukua kama ushahidi kwamba tatizo ni dogo, tuliutengeneza sisi wenyewe.

Na hasira haikwenda popote. Ilihamia kwenye nyota za duka la apu, mtu anaweka nyota moja na maneno mawili ya hasira, hakuna toleo analotumia, hakuna hatua alizopitia, huwezi kutengeneza chochote kwa hayo. Kimya kina mshindo, na wengine hata nyota hawaweki, wanahamisha data yao wanaondoka na hutajua sababu.

Kuna wanaochelewa bila kufunga mlango na bado wanaheshimika. Mradi wa Debian (mfumo endeshi unaotengenezwa na watu wa kujitolea) tangu 1997 umejiandikia kwenye mkataba wake na jamii kwamba hawatawaficha watumiaji matatizo, na orodha yao ya hitilafu iko wazi kwa yeyote. Toleo lao la Sarge lilitoka Juni 2005 wakati lililotangulia, Woody, lilikuwa la Julai 2002. Karibu miaka mitatu! Watu walinung'unika, lakini aliyetaka kujua linakwama wapi alikuwa anaweza kufungua orodha ya hitilafu zinazozuia toleo akazisoma mwenyewe, na akiweza kurekebisha moja anarekebisha. Ubuntu nao, mfumo endeshi mwingine ambao matoleo yao yanabeba mwaka na mwezi kwenye jina, walipaswa kutoa la Aprili 2006. Mwezi Machi Mark Shuttleworth, mwanzilishi wake, akaja kwa watu na pendekezo la kusogeza wiki sita, akaeleza sababu, likajadiliwa hadharani, toleo likatoka tarehe 1 Juni na jina likabadilika likawa 6.06. Najua hii ni miradi huria (kodi yake iko wazi kwa wote), hawana mkataba na mteja aliyelipa, na sina uhakika kila kitu chao kinahamishika kwenda kwenye kampuni ya biashara. Ila kusema ukweli kuhusu foleni kunahamishika.

Maana mteja aliyelipa, anachouliza mara nyingi si "lini" ya tarehe. Anauliza "mnalijua tatizo langu, na liko wapi kwenye foleni". Hilo linajibika. John Little mwaka 1961 alithibitisha kanuni ambayo kila anayesimamia foleni angepaswa kuijua: ukiwa na maombi 400 yanasubiri na timu inamaliza 20 kwa wiki, ombi linakaa wastani wa wiki 20, mradi foleni isiwe inakua wala kupungua sana. Huo ni wastani, lako linaweza kuwahi au kuchelewa, na mwambie hivyohivyo. Mtu akiambiwa "lipo, ni la wastani wa miezi mitano, na hivi ndivyo vilivyo mbele yake" anaweza kupanga maisha yake, akaamua kusubiri au kuondoka. Akiambiwa "hivi karibuni" mara nne, hata ukija kusema kweli mara ya tano hakuamini, na hapo hata mimi nisingekuamini.

Sasa mashaka yangu, maana yapo. Kisa cha saa ni kimoja, na siwezi kukuthibitishia kwamba ukurasa ungekuwa wazi tangu mwanzo wale watu watatu wangekutana, huenda yule wa saa asingepita siku hiyo. Pia kura za wateja siziamini sana: nimeona timu ikitumia miezi miwili kutengeneza mandhari nyeusi kwa sababu ilikuwa na kura nyingi huku usalama wa nakala za data, ambao hakuna anayeupigia kura mpaka siku ameharibikiwa, unasubiri. Wenye sauti kubwa ni wachache na wanavuta ratiba upande wao, sijui dawa yake kamili. Hitilafu za usalama ni jambo tofauti kabisa, hizo zinapokelewa faraghani na zina utaratibu wake, Project Zero, timu ya Google inayotafuta hitilafu hizo, kwa mfano kwa kawaida inampa mwenye programu siku 90 kabla ya kutangaza undani wake.

Na matusi. Hili linanigusa. Nimekaa na dada wa sapoti aliyekuwa anasoma matusi kuanzia asubuhi mpaka jioni kwa kosa ambalo si lake, akafika mahali hawezi tena kufungua ukurasa bila mikono kutetemeka. Anayesema "wateja wana haki ya kukasirika" na kuishia hapo hajawahi kukaa kiti kile. Kwahiyo mtukanaji afutiwe, afungiwe, bila mjadala. Ila mfute yeye. Usiwafungie elfu kwa sababu ya kumi, na kwenye ujumbe wa matusi kama kuna taarifa ya kweli ndani yake (toleo gani, simu gani, ilitokea lini) itoe uiweke kwenye tiketi kabla hujafuta.

Kwahiyo bosi uliyenipigia: fungua ukurasa leo, usisubiri toleo. Weka mtu mmoja wa kuusimamia, na asiwe yuleyule kila siku. Ondoa kikomo cha herufi, ruhusu skrinshoti, kila mteja aone ya mwenzake na aweze kujibu. Ijumaa andika idadi iliyopo kwenye foleni, mliyomaliza wiki hiyo, na hitilafu zinazozuia toleo, zitaje moja moja. Halafu zile tiketi 60 ulizoniambia zimefungwa kama "haijathibitishwa" tangu mfunge ukurasa, zifunguliwe zote zisomwe kwa pamoja, mezani, siku moja, na watu wawili.