Kusoma habari redioni, kazi kubwa iko kabla ya maiki

Vijana wengi wananiuliza wafanyeje wapate sauti nzito ya kusomea habari, na mi nawajibu sauti iangalie mwisho. Msikilizaji anakusikia mara moja tu, hana pa kurudia, sasa kama wewe mwenyewe hujaelewa unachosoma yeye ndo atapotea kabisa, hata uwe na sauti tamu kiasi gani.

Taarifa ya dakika 5 kazi yake inaanza mapema sana kabla taa nyekundu ya studio, ile ya kuonyesha uko hewani, haijawaka. Habari za mashirika ya habari ya kimataifa kama Reuters na AFP zinakuja zimeandikwa kwa ajili ya macho, sentensi moja mistari minne, aliyesema anatajwa mwishoni. Mi navunjavunja, kila sentensi wazo moja, aliyesema namtanguliza. 2,487,000 naiandika "karibu milioni mbili na nusu", maana tarakimu ndefu ukikutana nazo hewani ulimi unakwama. Saa nazo zina mtego, 14:00 ni saa nane mchana, ila kama wameandika GMT, yaani saa ya Greenwich, lazima kwanza uigeuze iwe saa ya hapo unaposikika.

Halafu nasoma yote kwa sauti, sio kimoyomoyo! Panapokata pumzi naweka mkwaju (/) au naikata sentensi kabisa. Karatasi sizipigi pini, naziburuza taratibu pembeni maana kugeuza kunasikika, na maiki naiweka pembeni kidogo ya mdomo ili P na B zisipige kishindo.

Maisha yenyewe ni ya zamu. Ukisoma asubuhi unaamka saa tisa usiku, jioni wenzio wako kwenye sherehe wewe unatafuta usingizi, na familia isipoelewa hilo mtagombana sana. Kingine watu hawakiongelei, unasoma ajali iliyoua watu halafu sekunde chache mbele kuna matokeo ya mpira. Mi naona kuigiza majonzi ni kuwakosea heshima wafiwa, punguza mwendo, nyamaza kidogo, ndo uendelee. Ukitoka studio ongea na mwenzako, usibebe peke yako.

Kama unataka kuingia anzia kwenye kuandika habari, maiki itakuja yenyewe, mara nyingi kupitia zamu za usiku na wikendi ambazo wazoefu hawazitaki. Na leo hii jirekodi kwa simu ukisoma habari moja, msikilizishe mtu mara moja tu, akusimulie nani kafanya nini na wapi. Atakapokwama, hiyo sentensi iandike upya.