Baiskeli Nyuma ya Gari: Pima Kilo Kabla ya Kununua Keria

Watu wakija karakana ya chuo chetu kuuliza habari za keria ya baiskeli, yaani chuma cha kufungia baiskeli kwenye gari, swali la kwanza huwa bei, la pili huwa idadi: itabeba ngapi? Mimi huwarudishia swali jingine. Pale unapotaka kuifunga, gari lako limetengenezwa libebe kilo ngapi? Wengi hawajui, wala siwalaumu. Magari yetu mengi yamekuja yakiwa yameshatumika Japani, na kitabu chake cha maelekezo, kama bado kipo, kimeandikwa Kijapani. Lakini kwa aina nyingi za magari kipo kitabu cha Kiingereza kilichotolewa kwa ajili ya nchi nyingine, na hupatikana kwenye intaneti bila malipo. Tafuta humo mambo mawili: uzito unaoruhusiwa juu ya paa, na uzito unaoruhusiwa kukandamiza chuma cha kuvutia tela.

Baada ya hapo pima baiskeli zenyewe. Simama juu ya mzani wa kupimia watu, soma, kisha ibebe baiskeli usome tena. Tofauti ndiyo uzito wake. Baiskeli ya milimani ya fremu ya alumini huwa na kilo 13 hadi 15. Ile ya chuma ya kazi, ya aina ya Phoenix, hufika kama 20. Ya umeme mara nyingi huanzia 20 na kupita 25. Keria nayo ina uzito wake, na hapo ndipo hesabu za wengi huharibika.

Chukua paa. Kwa magari madogo mengi kiwango chake ni kati ya kilo 50 na 100, na ndani ya kiwango hicho zimo pia nondo mbili za kukatiza paa na keria yenyewe. Tuseme gari lako linaruhusu 75. Nondo zina kilo 6, na kila kishikio cha baiskeli kina kilo 4. Baiskeli tatu za kilo 15 zinakufikisha 63, uko salama. Baiskeli tatu za chuma za kilo 20 zinakufikisha 78, umeshapita. Kwa macho mizigo hii miwili haitofautiani.

Juu ya paa baiskeli ziko mbali na vumbi, taa za nyuma zinaonekana, na mlango wa buti unafunguka. Hasara yake ni upepo, unaokula mafuta, na kimo. Gari la mita 1.5 likiwekewa baiskeli wima linakaribia mita 2.6. Matawi ya miembe yapo, geti la nyumbani lipo, na maegesho ya chini ya majengo ya mjini mara nyingi yana kimo cha mita 2 na kidogo tu. Andika kimo chako kwenye karatasi na uibandike mbele ya macho yako, karibu na usukani. Dereva aliyeendesha saa sita hakumbuki kilichoko juu ya kichwa chake.

Keria ya mikanda, ile inayoegemea mlango wa buti, ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayofungwa vibaya kuliko zote. Ndoano zake zishike kingo za chuma. Zisishike kioo, wala kipande cha plastiki kilichotokeza juu ya mlango. Futa vumbi kabla ya kuiegemeza, maana punje za mchanga zikikaa kati ya sponji na rangi zitasugua safari nzima. Mikanda ya pembeni watu huiacha wakidhani ni ya ziada, kumbe ndiyo inayozuia keria isisogee kushoto na kulia. Kwa maoni yangu keria hii ni ya baiskeli mbili nyepesi, kwenye lami, kwa safari fupi. Kwa mwendo wa Dar es Salaam hadi Iringa, na matuta yote ya Mikumi, nisingeifunga kwenye gari langu.

Wenye Prado, Pajero na RAV4 za zamani wana spea tairi mgongoni, na zipo keria zinazofungwa hapo. Ni imara, ila mzigo wote unaning'inia kwenye bawaba za mlango. Bawaba hizo tayari zimebeba mlango na tairi. Kabla ya kununua, fungua mlango kidogo, ushike tairi, ulitikise juu na chini. Ukisikia mchezo, yaani bawaba zimelegea, zitengeneze kwanza. Hata zikiwa nzima, baiskeli zisizidi mbili.

Inabaki keria ya kwenye chuma cha kuvutia tela, ambayo kwa safari ndefu ndiyo ninayoipenda zaidi. Baiskeli zinakaa chini, hata mtu mfupi anazifikia, na upepo hauzisumbui sana. Ila magari ya Japani mengi hayakuja na chuma hicho, na sisi hupeleka gari kwa fundi akachomelea. Lala chini ya gari utazame. Chuma kiwe kimefungwa kwa bolti kwenye chesisi, pande zote mbili, si kwenye bampa wala kwenye bati la sakafu ya buti. Fundi akikuambia bampa inatosha, tafuta fundi mwingine.

Keria zilizotumika zinazoletwa kutoka nje ni za jamii mbili. Za Ulaya hukamata kichwa cha mviringo cha milimita 50. Za Marekani huchomekwa kwenye tundu la mraba, la inchi 2 au inchi 1 na robo. Haziingiliani, kwa hiyo nenda na kipimo cha chuma chako, usikisie kwa jicho. Zile za Ulaya zinashika kwa kubana tu, na kichwa cha kuvutia tela kwa kawaida hupakwa grisi. Grisi hiyo ifutwe yote kabla ya kufunga keria, la sivyo itajizungusha taratibu kila unapopita shimo. Tena soketi ya umeme ya keria za Ulaya mara nyingi ina matundu 13, wakati magari mengi huku, yaliyo na soketi, yana ya matundu 7. Kiunganishi kipo na hakina gharama kubwa. Usiache kuunganisha taa kwa sababu hiyo.

Kiwango cha chuma cha kuvutia kwenye gari dogo mara nyingi ni kati ya kilo 50 na 100. Keria ya kilo 18 ikiwa na baiskeli mbili za umeme za kilo 25 imeshafika 68. Ondoa betri uziweke ndani ya gari, utapunguza kilo kadhaa. Umbali nao una sehemu yake. Baiskeli ya kwanza iko karibu na chuma, ya nne iko karibu mita moja nyuma yake, na kilo zile zile zikiwa mbali hupinda chuma zaidi. Ndiyo maana nzito huwekwa karibu na gari. Tena mkia wa gari ukirushwa na tuta, kwa kitambo kifupi kilo 70 zinaweza kuvuta kama 140 au zaidi. Keria haivunjwi na uzito wa kusimama. Inavunjwa na matuta, rasta na barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati. Kwenye barabara ya namna hiyo punguza mwendo kuliko unavyodhani inatosha.

Angalia pia bomba la moshi linaelekea wapi. Hewa inayotoka humo ni ya moto, na tairi la baiskeli lililokaa mbele yake kwa saa mbili linaweza kuharibika.

Jambo linalonikera, kwa sababu anayeumia si mwenye gari, ni upana. Baiskeli ya mtu mzima ina urefu wa mita 1.7 hadi 1.8. Gari kama Vitz halifiki mita 1.7. Ukiipanga baiskeli kwa kukatiza nyuma yake, magurudumu yanatokeza pembeni, na dereva akitazama kioo hayaoni vizuri. Wewe unampita bodaboda ukidhani mmepishana salama, kumbe tairi la baiskeli linapita usawa wa goti lake. Funga viakisi vyekundu na kitambaa chenye rangi kali kwenye ncha zote mbili, na upishane ukiacha nafasi kubwa. Taa za breki, indiketa na namba ya gari lazima vionekane. Vikizibwa, weka ubao wenye taa na namba nyuma ya baiskeli. Tanzania, Kenya na kwingineko sheria inataka namba isomeke. Uingereza, kwa ndugu zetu walioko huko, faini ya kuificha inaweza kufika pauni 1,000.

Sasa tela la kulala, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Familia zinazosafiri nalo zinaongezeka, na mahali pa kwanza panapofikiriwa kwa baiskeli ni mgongoni mwake. Pale panavutia kwa kuwa ni peupe na hakuna mlango wa kuziba. Niliwahi kuletewa tela ambalo bampa lake la nyuma lilikuwa limening'inia upande mmoja, na baiskeli tatu zilizofungwa hapo zilikuwa zimeburuzwa mpaka pedeli zikaisha. Mwenyewe aliamini mchomeleaji ndiye aliyekosea. Tulipolitazama, mshono wenyewe ulikuwa mzima. Kilichochanika ni bomba, kando kidogo ya mshono. Bampa la matela mengi ya namna hii ni bomba jembamba la mraba. Halikutengenezwa libebe kitu kinachochezacheza. Watengenezaji wengi wa keria hukataza wazi bidhaa zao zisifungwe nyuma ya tela, isipokuwa zile zilizotajwa kuwa ni za kazi hiyo. Soma karatasi yake kabla ya kulipa.

Hata chuma kikiwa imara, hesabu ya mizani inabaki pale pale. Tela la ekseli moja ni kama ubao wa pembea: magurudumu ndiyo kati, mkono unaoshika gari ni upande mmoja, mkia ni upande mwingine. Tuseme kutoka ekseli hadi kwenye gari ni mita 4, na keria iko mita 3 nyuma ya ekseli. Ukiweka kilo 40 mkiani, unapunguza kilo 30 kwenye uzito unaokandamiza chuma cha gari. Kama tela lilikuwa linakandamiza kwa kilo 70, sasa zimebaki 40. Tela lenye mkono mwepesi na mkia mzito huanza kuyumba kushoto na kulia, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo linavyokataa kutulia. Marekani hushauri mkono ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Ulaya viwango ni vya chini zaidi. Kote wanakubaliana kwamba mkono usiwe mwepesi mno, wala usipite kiwango cha gari.

Kuupima hakuhitaji mtambo. Egesha tela mahali tambarare, zuia magurudumu yake kwa magogo, pakia kila kitu utakachosafiri nacho pamoja na maji. Weka mzani wa nyumbani chini ya mkono, juu yake simamisha kipande cha mbao chenye urefu wa kulifanya tela likae usawa kama linavyokaa likiwa limefungwa garini. Soma. Kisha pakia baiskeli, soma tena. Kama uzito unaweza kupita uwezo wa mzani wako, usijaribu.

Keria ya mbele, juu ya mkono wa pembetatu wa tela, hufanya kinyume: inaongeza uzito kwenye gari. Pale tela linatulia zaidi, kwa sharti kwamba kiwango cha gari hakivukwi. Kabla ya safari, mtu mmoja asimame nje huku mwingine akikata kona kali, kulia kisha kushoto, na kurudi nyuma polepole. Usukani wa baiskeli ukikaribia kioo cha gari, sogeza au geuza. Hakikisha pia mtungi wa gesi uliopo hapo bado unafikika na kufungwa kwa haraka.

Mimi mwenyewe nikivuta tela, baiskeli huziweka juu ya paa la gari, au ndani ya tela sakafuni, usawa wa ekseli, magurudumu ya mbele yakiwa yametolewa na kila kitu kimefungwa. Inachosha kuzitoa kila mnapofika kambini, lakini mkia unabaki mwepesi. Na ikitokea tela likaanza kuyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala kupambana na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, acha mwendo upungue wenyewe. Likitulia, simama pembeni upange mzigo upya.

Kuhusu kufunga: toa chupa, pampu, mikoba na kiti cha mtoto, maana vikidondoka vinampiga anayekuja nyuma. Fremu ya kaboni usiibane kwa taya, ishike kwa magurudumu. Panga baiskeli zikipishana vichwa, na weka kitambaa kati ya pedeli na fremu ya jirani. Gurudumu la mbele lifungwe lisizunguke. Mipira ya tyubu tunayofungia mizigo ni mizuri kwa kuzuia kelele, lakini inavutika na jua linaikausha. Iwe ya nyongeza juu ya mikanda yenye kibano, isiwe ndiyo tegemeo. Turubai usifunike baiskeli ukiwa mwendoni, upepo utalivuta kama tanga la jahazi na kuing'oa keria.

Simama baada ya kilomita 10 za kwanza, hata kama una haraka. Mikanda mipya hulegea ikishakaa, na nati huonyesha kama zilikazwa sawasawa. Shika baiskeli ya nje kabisa utikise: gari zima litikisike nayo. Ikitikisika peke yake, kaza. Rudia kila mnapoteremka kunyoosha miguu, na mkifika, kabla ya kuikunja keria, futa vumbi kwenye mishono ya chuma utazame kwa tochi. Ufa huanza kama unywele, na hapo bado unachomelewa na kuimarishwa kwa fedha kidogo.