Vigawo tasa vya 2,470,967, hesabu ya watu wa Kigoma

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 2,470,967 katika Mkoa wa Kigoma. Tuivunje namba hii mpaka mwisho, vigawo tasa vionekane vilivyo.

Namba tasa ni namba nzima iliyozidi 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Namba nzima nyingine yoyote iliyozidi 1 ni zao la namba tasa, tena kwa namna moja tu, ukiacha mpangilio. Tasa hizo ndizo vigawo tasa vyake.

Namba yetu inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 35, basi 3 nayo haimo. Ukigawa kwa 7 inabaki 2, kwa 11 inabaki 4, kwa 13 inabaki 5. Kwa 17 kuna mbinu nzuri: kata tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 5, toa kwenye kilichosalia, kisha rudia.

247,096 − 35 = 247,061
24,706 − 5 = 24,701
2,470 − 5 = 2,465
246 − 25 = 221
22 − 5 = 17

Tumeishia kwenye 17, kwa hiyo inagawanyika: 17 × 145,351.

Hapa ndipo wengi hukosea. Ukigawa 145,351 kwa 17 tena inabaki 1, kwa 19 inabaki 1, kwa 23 inabaki 14. Kuanzia 19 hadi 181 kuna tasa 35 na zote zinagoma, mtu anachoka anaandika kwamba hiyo ni tasa. Bado mapema. Namba ikiwa zao la namba mbili, iliyo ndogo haiwezi kuzidi kipeuo cha pili, na kipeuo cha 145,351 ni 381 na ushei. Hadi hapo ndipo unapopaswa kujaribu. Tasa inayofuata 181 ni 191, na hiyo inaingia: 191 × 761. Nayo 761 haihitaji kazi mpya. Kipeuo chake hakifiki 28, na tasa zote za chini ya 28 zimekwisha kushindwa.

2,470,967 = 17 × 191 × 761

Vigawo vyote, tasa na visivyo tasa, ni vinane: 1, 17, 191, 761, 3,247, 12,937, 145,351 na namba yenyewe. Kwa hiyo watu wote wa mkoa huwezi kuwapanga makundi 10 wala 100 yaliyo sawa, ila makundi 17 ya watu 145,351 yanakaa barabara.

Kilicho kizuri zaidi kimejificha. Kuanzia 1 hadi 2,470,967, ni namba ngapi zisizo na kigawo cha shirika nayo zaidi ya 1? Punguza 1 kwenye kila kigawo tasa, kisha zidisha: 16 × 190 × 760 = 2,310,400. Hiyo ni 1,520 × 1,520 kamili! Sababu ni kwamba 760 ni mara nne ya 190, na 16 × 4 ni 64, mraba wa 8. (Kanuni hii ya kupunguza 1 inafaa pale tu ambapo hakuna tasa iliyojirudia.)

Na jirani zao wa Tabora? Sensa hiyohiyo iliwahesabu 3,391,679. Kutafuta kigawo kikubwa cha shirika (KKS), yaani namba kubwa kuliko zote inayogawa hesabu za mikoa hii miwili bila baki, hakuna haja ya kuivunja ya Tabora. Ijaribu kwa tasa tatu za Kigoma tu. Kwa 17 inabaki 9, kwa 191 inabaki 92, kwa 761 inabaki 663. KKS ni 1.