Kemia ya humanite (sekondari): mwalimu wa nyumbani anafanya nini hasa?

Pasaka ikishapita, simu yangu hailali. Mama wa Katuba, papa wa Bel-Air, kaka anayemlea mdogo wake kule Ruashi, wote neno lao ni moja: "Prof, mtoto ni mfinalisti, kemia imemshinda, tafadhali njoo umsaidie kabla ya Exetat," ule mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Nami huwarudishia swali: kemia ilianza kumshinda lini? Kimya. Mzazi hajui, na mara nyingi mtoto mwenyewe hajui. Anachojua ni kwamba mwaka huu mambo yamekwama.

Kulijibu swali hilo ndiyo kazi yenyewe. Mimi nilisoma kemia hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na sehemu kubwa ya riziki yangu naipata kwa kufundisha nyumba kwa nyumba hapa Lubumbashi, hasa wanafunzi wa seksio ya sayansi. Wengi hudhani mwalimu wa nyumbani analipwa arudie somo la shule polepole. Kama ni hivyo tu, mzazi aweke pesa yake. Daftari la mwenzake lililoandikwa vizuri litamtosha mtoto. Mtoto wa mwaka wa mwisho somo ameshalisikia. Ambacho hajapata ni mtu wa kumsikiliza yeye akifikiri kwa sauti, mstari kwa mstari, na kumsimamisha palepale anapoteleza.

Chukua hesabu hii, ambayo naipenda kwa siku ya kwanza. Tunapitisha mkondo wa ampea 10 kwa saa 1 katika maji yenye salfeti ya shaba, CuSO₄. Hiyo ndiyo elektrolisisi. Shaba kiasi gani itajikusanya kwenye kathodi, ile ncha hasi? Ni swali la kwetu kabisa: kule Likasi, kwenye viwanda vya Shituru, shaba ya Katanga imepatikana kwa umeme namna hii tangu enzi za Union Minière. Saa moja ni sekunde 3 600, kwa hiyo chaji ni kulombi 36 000. Ukigawa kwa 96 500, yaani kulombi za moli moja ya elektroni, unapata moli 0,373 za elektroni (moli ni kipimo cha idadi ya chembe, nitairudia chini). Kila ioni ya shaba inachukua elektroni 2, basi shaba ni moli 0,187 hivi, na kwa kuwa moli moja ya shaba ni gramu 63,5, jibu ni gramu 11,8.

Sasa wapo wanafunzi watatu, wote wamekosa. Wa kwanza ameandika gramu 23,7. Wa pili ameandika gramu 0,197. Wa tatu ameacha wazi. Kwenye karatasi ya mtihani wote ni sifuri, na mwalimu mwenye darasa la watoto sitini hana muda wa kuona zaidi ya hiyo sifuri. Simlaumu, hata mimi nisingeweza. Lakini ukikaa na kila mmoja mezani, unaona hawa si wagonjwa wa homa moja.

Wa pili ni rahisi: amezidisha 10 kwa dakika 60, akasahau sekunde. Huyu anaijua kemia, ila hana desturi ya kuandika vipimo pembeni ya kila namba. Tunamaliza naye jioni moja, ingawa desturi yenyewe itahitaji wiki kadhaa za kumkumbusha mpaka anichoke.

Wa kwanza ndiye anayenivutia. Gramu 23,7 ni jibu mara mbili ya jibu sahihi, maana yake hakugawa kwa 2. Ukimwuliza fomula yake aliitoa wapi, anakuonyesha daftari: mfano wa darasani ulikuwa wa fedha, Ag⁺, ambayo ioni yake inachukua elektroni moja tu. Kugawa kwa 1 hakuonekani, basi yeye akaichukua fomula bila kigawanyo. Namwambia, haya, niandikie ioni ya shaba iliyo ndani ya CuSO₄. Anaandika Cu⁺. Namwuliza salfeti ina chaji gani. Hapo anatazama dari. Kumbe tatizo la mfinalisti huyu halimo kwenye elektrolisisi hata kidogo. Limo kwenye chaji za ioni na namna ya kuunda fomula, mambo ya miaka mitatu nyuma. Ukimfundisha elektrolisisi tena mara kumi, atakosa tena mara kumi, kwa sababu shimo liko kwingine.

Wa tatu, aliyeacha wazi, mara nyingi si mjinga kuliko wenzake. Anaogopa. Amezoea kwamba jibu la kubahatisha darasani linaleta kicheko. Kwake kazi ya wiki za kwanza ni kumfanya aseme jambo lolote, hata kosa, maana kosa lililosemwa naweza kulishika.

Kuna utafiti juu ya haya. Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha matokeo yaliyowashangaza walimu duniani: mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa na mwalimu wake peke yake aliwapita asilimia 98 ya wale waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Waliofuata hawakukuta tofauti kubwa kiasi hicho. Kurt VanLehn mwaka 2011 alikusanya tafiti nyingi na kukuta faida ya mwalimu wa mtu mmoja ni kama mikengeuko sanifu 0,79 (kipimo cha jinsi alama za wanafunzi zinavyotawanyika), wakati Bloom alikuwa amesema 2. Bado ni faida kubwa. Lakini kilichonigusa kwa VanLehn ni kingine: programu za kompyuta zinazomjibu mwanafunzi kila hatua ya hesabu zilifikia karibu kiwango hichohicho, 0,76, na zile zinazongoja jibu la mwisho tu zilibaki nyuma. Yaani dawa iko kwenye kujibiwa hatua kwa hatua. Mwalimu wa nyumbani anayetoa zoezi, akaenda kuongea na simu barazani, kisha akarudi kuweka alama ya kosa, hana tofauti na darasa la sitini.

Kemia ina ugumu wake wa pekee ambao hesabu tupu haina. Alex Johnstone wa Glasgow aliueleza mwaka 1991 kwa pembetatu: kuna yale tunayoyaona kwa macho, kuna chembe zisizoonekana, na kuna alama tunazoandika. Mtu aliyeizoea kemia anaruka kutoka pembe moja hadi nyingine bila kujijua. Mwanafunzi anabaki kwenye pembe ya alama peke yake, anasawazisha milinganyo kama mtu anayepanga herufi za lugha asiyoijua. Na wengi wa wanafunzi wangu wanatoka shule ambazo maabara ni kabati lililofungwa.

Lakini nani alisema Lubumbashi haina maabara? Mji huu ulijengwa juu ya kemia. Shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa mwaka 1911, na terili, kile kilima cheusi, ndiyo takataka yake. Kwa wachonga malakiti, lile jiwe la kijani, hukosi vipande vilivyobaki. Nachukua kipande kidogo, nakifunga kwenye kitambaa chenye maji ili vumbi lisiruke, nakiponda, naweka unga wake kwenye chupa ya kioo pamoja na siki. Vipovu vidogo vinapanda taratibu: ni gesi ya kaboni dioksidi, kwa sababu malakiti ni kabonati ya shaba yenye hidroksidi ndani yake, Cu₂CO₃(OH)₂. Tunaiacha. Kesho yake siki imekuwa ya bluu inayoelekea kijani. Hapo nachukua msumari wa chuma, nausugua kwa msasa mpaka ung'ae, nauzamisha humo. Baada ya muda mfupi unavaa wekundu.

Hapo nanyamaza na kuuliza: huo wekundu ni nini? Jibu la kwanza ni lilelile karibu kila nyumba: kutu. Vizuri sana, sasa tunalo la kuongea. Kutu inahitaji muda na hewa, na rangi yake si hii. Nani alikuwa ndani ya maji kabla msumari haujaingia? Shaba. Ilikuwa katika umbo gani? Ioni, Cu²⁺. Imepataje kuwa metali? Lazima imepewa elektroni 2. Nani kazitoa? Ndipo mtoto mwenyewe, kalamu mkononi, anaandika Fe + Cu²⁺ → Fe²⁺ + Cu, na kwa mara ya kwanza mshale ule una kitu nyuma yake. (Wazazi, tafadhali: si kwenye vikombe vya chai. Chumvi za shaba ni sumu. Chupa iandikwe jina, iwekwe mbali na wadogo, na mikono ioshwe.)

Juu ya moli sina jaribio la kuonyesha, nina soko tu. Hakuna mama sokoni anayehesabu punje za mahindi. Anapima kwa meka, kopo lake la kupimia. Nasi atomu hatuwezi kuzihesabu, tunazipima kwa moli, na meka yetu ina chembe 6,022 × 10²³. Mfano unaishia hapo, na ni lazima kumwambia mwanafunzi unaishia wapi: meka mbili zinafanana kwa ujazo, moli mbili zinafanana kwa idadi ya chembe. Ndiyo maana moli ya shaba ni gramu 63,5 na moli ya asidi ya salfuriki ni gramu 98. Mwanafunzi akishaliweka hili sawa, hata malori yanayotoka Kasumbalesa yanamfundisha. Kibao cha rangi ya chungwa chenye namba 1830 ni alama ya kimataifa ya asidi ya salfuriki iliyo nzito kupita asilimia 51. Nawapa zoezi: asidi ya asilimia 98, lita moja ina uzito wa kilo 1,84, ina moli ngapi? Wanashangaa namba zinavyokaa vizuri: 18,4.

Tuje kwenye Exetat yenyewe, kwa sababu ndiyo inayowalipa walimu wa nyumbani. Mtihani ni wa itemu, yaani maswali ya kuchagua jibu, na wazazi wengi wananipokea na rundo la itemu za miaka iliyopita zilizotolewa fotokopi: "Prof, mpitishe kwenye hizi." Sizidharau. Mtu asiyezizoea atapoteza dakika zake. Ila zikitangulia kabla ya kuelewa, zinafundisha kukisia. Mfano: pH (kipimo cha uasidi, kadiri H⁺ inavyozidi ndivyo pH inavyoshuka) ya asidi asetiki ya moli 0,01 kwa lita, pKa, yaani kipimo cha nguvu ya asidi yenyewe, 4,75. Majibu: 2, 3,4, 4,75, 7. Aliyekariri anadaka 2, kwa sababu asidi hidrokloriki ya kiasi hicho ina pH 2. Kanuni yangu ni moja: funika majibu kwa kiganja, kwanza niambie kwa maneno, itakuwa juu ya 2 au chini ya 2, na kwa nini. Asidi hii ni dhaifu, molekuli chache tu zimeachia H⁺ yake, kwa hiyo H⁺ ni pungufu, kwa hiyo pH iko juu ya 2, lakini bado ni asidi, iko chini ya 7. Halafu ndipo tunachukua nusu ya jumla ya 4,75 na 2, tunapata 3,4 hivi. Maneno yatangulie hesabu. Anayeweza kusema maneno hayo, hata fomula ikimtoroka siku ya mtihani, majibu mawili kati ya manne ameshayafuta.

Maneno hayo kwa lugha gani? Nyumbani tunafikiri kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, tunabishana kwa hicho, kisha nafanya kila mtu aandike hitimisho kwa Kifaransa cha mtihani. Wapo wazazi wanaokunja uso wakinisikia nikieleza oksidisho, yaani kupoteza elektroni, kwa Kiswahili, wanaona hawapati thamani ya pesa yao. Nawaomba wakae wasikilize nusu saa.

Kuhusu pesa sina la kuficha. Mwalimu mzuri si bei rahisi, na mshahara wa walimu ukiwa kama ulivyo, hakuna wa kumlaumu anayefundisha jioni. Kitu kimoja tu sikikubali: mwalimu anayeficha nusu ya somo asubuhi ili aliuze jioni kwa wanafunzi walewale wa darasa lake. Mzazi ukiona hivyo, tafuta mtu mwingine asiyempa mtoto wako alama. Na siku ya kwanza mwalimu mgeni akija, angalia nani ameshika kalamu. Akiwa ni yeye muda wote, mwambie asante na kwaheri.

Usianze Pasaka. Anza Septemba au Oktoba, hata kama ni saa mbili tu kwa wiki, maana shimo la miaka mitatu halizibiki kwa wiki sita. Ukishindwa kulipa peke yako, wakutane watoto watatu au wanne wa mtaa mmoja, mgawane gharama. Kwa uzoefu wangu kundi la hivyo linakaribia sana faida ya mtu mmoja, mradi kila mmoja anaitwa ubaoni. Na kama hata hiyo haiwezekani, kundi likutane bila mwalimu, na liwe na sheria. Mmoja anasimama na chaki na itemu ambayo wote wameikosa. Wenzake hawaruhusiwi kumtajia jibu wala fomula. Wanaruhusiwa maswali mawili tu: "Kwa nini?" na "Kipimo chake ni nini?" Akikwama kabisa wanaiandika kwenye karatasi ya maswali, wanaibeba shule kesho yake na kumwuliza mwalimu wa darasa kabla kengele haijalia.