Meno ya Washington Hayakuwa ya Mbao

Juzi tena. Nimeshika nta iliyolainishwa, nataka kupima taya za mzee mmoja zinavyokutana ili nimtengenezee seti nzima, juu na chini. Mwanawe aliyemsindikiza akaona amtie moyo: "Usiwe na wasiwasi, baba. Hata George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alikuwa na meno ya mbao." Mzee akageuka kumtazama, nta ikapinda, ikabidi nianze upya. Miaka 19 niko maabara ya meno na habari hiyo nimeisikia kwa wagonjwa, kwa wanafunzi wa mazoezi, hata kwa watu wa kada yangu ambao wangepaswa kujua.

Hayakuwa ya mbao. Seti yake nzima iliyohifadhiwa Mount Vernon, kwenye shamba lake Virginia, kitako chake ni cha madini ya risasi, tena risasi hii hii nzito, na juu yake yamepangwa meno ya watu, ya ng'ombe na ya farasi. Ile ya mwaka 1789 aliyomtengenezea John Greenwood, daktari wake wa meno wa New York, ilichongwa kutoka jino la kiboko. Washington alipoapa urais tarehe 30 Aprili 1789, kinywani mwake lilikuwa limebaki jino lake moja tu, gego dogo la chini kushoto. Greenwood aliacha tundu kwenye seti ili jino hilo lipenye na kuishikilia. Fundi yeyote ataona hatari iliyopo: jino moja kubebeshwa mzigo wa taya nzima, kila siku, kila tonge. Mwaka 1796 nalo likatoka.

Sasa hiyo mbao ilitoka wapi? Hapa naomba tusikimbie, maana hapa ndipo watu wanaposema "labda walidanganya tu" na kupita. Jino la kiboko nje lina ganda gumu sana jeupe. Ukilichonga, ganda linaondoka na unabaki na nyama ya ndani ya jino, ambayo ina vinyweleo visivyoonekana kwa macho na inanyonya rangi kama kitambaa cha pamba. Mwaka 1798 Greenwood alipokea seti irudiwe, akaikuta imekuwa nyeusi. Akamwandikia Washington kwamba kosa ni la mvinyo wa port, kwa kuwa uchachu wake unaondoa mng'aro, akamshauri ayavue baada ya chakula na kuyaweka kwenye maji safi, au ayasugue kwa brashi na chaki iliyosagwa laini. Mimi nimewahi kushika kipande cha pembe ya zamani kilichoingia rangi ya chai. Mistari yake inajitokeza kahawia, myembamba, imelala sambamba. Ukionyeshwa kwa mbali utaapa ni mninga. Kwa jicho la ufundi, sitafuti chanzo kingine.

Kuna jambo nililokuwa nikilifundisha vibaya na lazima nilirekebishe. Nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba meno ya mbao hayawezekani kabisa, mate yatayavimbisha na fizi zitachubuka. Wajapani waliyatengeneza karne nyingi kabla ya akriliki, plastiki tunayotumia sasa, kwa mti mgumu wenye nyuzi zilizobana, na moja ya seti zao za kale kabisa ni ya mtawa wa Kibudha aliyefariki mwaka 1538. Yalivaliwa, yakatafuniwa. Kwa hiyo tatizo halikuwa mbao kama mbao. Washington hakuwa nayo tu, basi.

Kuhusu springi zilizoshikilia seti za Washington nitasema kwa ufupi. Seti za sasa hukaa juu kwa sababu kipimo cha kinywa kinachukuliwa sawasawa na mate yanafanya kazi ya gundi. Zake zilisukumwa na springi, moja juu na nyingine chini, kwa hiyo alilazimika kubana taya saa zote ili mdomo usifunguke. Tazama noti ya dola moja, iliyotokana na picha aliyochorwa na Gilbert Stuart mwaka 1796. Midomo imebanwa, mashavu ya chini yamefura. Watu wanauita ule uso wa ukali. Mimi naona mtu anayezuia chuma kisimtoke mdomoni.

Lakini kinachonikera zaidi ya vyote ni kwamba mbao inafunika watu. Tarehe 8 Mei 1784, katika daftari la hesabu la Mount Vernon, iliandikwa malipo ya pauni 6 na shilingi 2 kwa "Negroes" kwa ajili ya meno 9, kwa hesabu ya daktari wa meno Mfaransa, Jean-Pierre Le Mayeur. Yaani watumwa. Gawanya, pauni moja ikiwa shilingi 20: ni kama shilingi 13 na nusu kwa jino, wakati Le Mayeur alikuwa akitangaza magazetini gini 2, zaidi ya shilingi 40, kwa jino la mbele la mtu huru. Kama meno hayo 9 yaliishia kinywani mwa Washington mwenyewe, wanahistoria hawajathibitisha, na mimi sitaongeza langu. Ila yalinunuliwa, na aliyeulizwa bei yaelekea alikuwa mali ya mnunuzi. Angekataaje?

Hayo nilimweleza yule kijana wakati nalainisha nta mara ya pili. Alinyamaza. Aliyeuliza ni baba yake, mwenye fizi tupu juu na chini, mwaka wa tatu sasa anakunywa uji:

"Na hao waliong'olewa, fundi, walibaki wakitafunia nini?"